Mzee wa Kusaga na Ukungu Uliopanga Kifuani

Usiniulize alizaliwa wapi ama babake alikuwa nani. Mimi maneno hiyo sijui, na yeye hakuniambia. Nilipoanza kupika chai hapa Langas nilimkuta ng'ambo ya barabara, amesimama kwa mlango ya poshomil, ile nyumba ya mashine ya kusaga mahindi, mweupe kutoka kichwa mpaka viatu. Nikafikiri ni mzungu amepotea. Nikamwita, "Wewe mzungu, kuja unywe chai!" Akavuka, akajipiga kofi kwa mikono, unga ikapanda kama moshi. Akaniambia, "Mama, mzungu gani atakunywa hii chai yako na anyamaze?" Hapo tukawa marafiki, yaani tukaanza kutukanana, na hatukuacha.

Watu walimwita Mzee wa Kusaga. Jina lake nililisikia mara moja tu, hospitalini. Nesi aliliita kwa nguvu, na sisi wawili tukageuka kuangalia nyuma tuone ni nani anaitwa.

Wacha nikuambie vile alikuwa anafanya kazi. Mtu akileta gunia, yeye haangalii juu. Juu kila mtu anaweka ile mzuri, hata mimi ningeweka. Anakunja mkono ya shati, anaingiza mkono ndani ya gunia mpaka kwapa, anafunga macho kama mtu anaombea mgonjwa, anatoa konzi moja kutoka tumboni mwa gunia. Anauma punje moja. Ikilia kwa meno, imekauka. Isipolia, anakuangalia na huruma. Halafu sasa anaweka pua ndani ya ngumi na anavuta. Mzee alikuwa anavuta mpaka shati inapanda mgongoni.

Ulimi yake ilikuwa nzito, ile ya watu wa huko Magharibi. "Mama, hii mahinti imelala na maji. Rutisha." Usicheke, mimi mwenyewe nikisema "shida" ulimi yangu pia inateleza, wajukuu wangu wanalala chini kwa kicheko. Lakini nitakusemea maneno yake kawaida, usije ukapotea.

Siku moja mama fulani alitoka na gunia huko Soy, amevaa leso mbili, sauti kama filimbi. "Mzee, usiniaibishe! Hiyo mahindi nimeanika na mikono yangu mwenyewe!"

"Uliianika wapi, mama? Ndani ya mto?"

"Jua ilikuwa hakuna!"

"Basi ungengoja jua. Jua haijahama Kenya. Hii ukilisha watoto, tumbo itawaambia."

Mama akalia, akatukana, akaita Mungu ashuhudie. Mzee akasimama tu, ngumi imefungwa, hakusaga. Hakuna mtu alikuwa anaweza kumpinda. Na hiyo maneno yake ya maji ilikuwa ya kila kitu. Mheshimiwa akipita na spika juu ya gari, Mzee anasema, "Huyu amelala na maji." Mhubiri akichelewesha watu kanisani, "Ameanza kulala na maji." Mandazi yangu ikibaki ya jana anaiuma, anasikiza, anairudisha kwa sahani pole pole bila kusema kitu. Hiyo kunyamaza ndiyo ilikuwa inaniudhi.

Sasa sikiza kitu kimoja kilinishinda kuelewa.

Mwenye poshomil ni mwanamke, sisi tunamwita Bosi. Ako na kiatu ya kulia ko-ko-ko na sauti ya pole sana, ile ya mtu hajawahi kupiga kelele kwa sababu hajawahi kunyimwa kitu. "Mzee wangu, hatupotezi kitu hapa, sawa?" Basi mahindi yenye Mzee amekataa, kama mwenyewe ametoka mbali na hawezi kuirudisha nyumbani, Bosi alikuwa anaichukua kwa bei ya huruma na kuuzia watu wa kuku na nguruwe. Ilikuwa inawekwa chumba cha nyuma. Wakati mwingine inakaa huko mpaka inafanya ukungu, nywele ya kijani.

Na Mzee alikuwa analala wapi? Hapo hapo. Chumba cha nyuma ndiyo ilikuwa nyumba yake. Kitanda yake ilikuwa magunia, na mto yake ilikuwa gunia. Dirisha alikuwa ameziba na magunia mengine, kwa sababu ya mvua na panya. Siku moja alikuwa na homa nikampelekea uji. Nilipofungua huo mlango, harufu ilinishika koo kama mkono ya mtu. Nikarudi nyuma nikakohoa mpaka machozi.

"Mzee! Wewe unalala na kitu unakataza watu kula?"

"Mama, mimi siili. Nalala nayo tu."

"Ungekuwa na bibi angekukimbia."

"Ndiyo nikapenda magunia. Haiongei."

Nilicheka. Lakini nilimwambia atoke. Alisema, "Nitoke niende wapi? Hii chumba ni ya kazi. Nikiacha chumba nimeacha kazi, nikiacha kazi nimeacha chumba." Akanywa uji akiwa amelala juu ya ukungu yake, ukutani vumbi imeshika kama manyoya. Hewa hapo ndani ilikuwa inakaa tu mahali moja, haina pa kupitia.

Kifua yake ilikuwa na historia. Zamani, kabla nimjue vizuri, alishikwa na tibii, kifua kikuu. Alitibiwa, akameza dawa yote mpaka ya mwisho, akapona. Huyo ni mtu wa kumaliza kitu, hata chai anamaliza na majani. Lakini tibii ikitoka, kumbe inaweza kuacha shimo kwa pafu, kama mpangaji anahama na anang'oa mlango. Hakuna mtu alimwambia ako na shimo. Akarudi kwa unga yake.

Halafu kikohozi ikarudi. Watu wote wa poshomil wanakohoa, kwa hivyo nani atashtuka? Akaenda kliniki, wakachukua makohozi, wakasema tibii hakuna. Akarudi akicheka. "Mama, sina kitu!" Mtu akiambiwa hana kitu, si anarudi nyumbani? Hakuna mtu aliuliza: kama si tibii, sasa ni nini inamkohoza huyu mzee na kumnyima pumzi akibeba debe moja? Akaenda tena baada ya mavuno, wakapima, tibii hakuna. Akaenda tena. Hakuna. Akaacha kwenda.

Badala yake akaenda kwa kemisti. Hapo kwa kona kuna mwanaume wa kemisti, koti nyeupe, anaongea mbio kama anauza mnada. "Kifua? Pumzi? Mgongo pia? Ngoja Mzee, hiyo ni kitu kidogo, ngoja nikuchanganyie!" Anamwaga tembe za rangi rangi kwa karatasi ya kaki, anakunja, kwisha. Ndani kulikuwa na moja ndogo nyeupe. Hiyo ndogo ndiyo ilikuwa na nguvu. Mzee aliimeza na siku ya pili alibeba gunia nzima kwa bega akipiga mluzi. Pumzi imerudi! Njaa imerudi! Alikuwa anakula mandazi zangu hata zile zimelala na maji.

Karatasi ikiisha, pumzi inaisha. Anarudi kwa kona. Hiyo ikawa maisha yake, muda mrefu.

Na akanona. Uso ikawa mviringo kama chapati ya harusi, mashavu yanang'aa, tumbo ikaja mbele. Sasa sisi watu wa hapa unatujua. Mtu akinona tunamshukuru Mungu kwa niaba yake. Wamama wa kanisa wakawa wanapita wanamshika mkono. "Mzee, umependeza! Ni nani anakupikia?" Mwingine, yule wa sauti ya kwaya, "Aaaki, Mungu ni mwema, angalia hiyo mashavu!" Mzee akanunua kofia mpya. Akaanza kusimama nje zaidi, uso kwa jua, watu wamuone. Mimi nilikuwa namwita Bwana Mwezi. Anafurahi, anainua kofia.

Mikono na miguu yake ilikuwa imekonda kama fimbo, lakini nani anaangalia mguu ya mwanaume?

Asubuhi moja alivuka kuja kwa chai. Alikaa kwa benchi, akakohoa ndani ya mkono ya shati. Mkono ilikuwa nyeupe na unga. Alipoutoa, juu ya hiyo unga kulikuwa na nyekundu, nyingi, inang'aa. Aliiangalia kama vile anaangalia mahindi ya mtu. Halafu akakunja hiyo mkono haraka, nisione.

"Nimeona," nikamwambia.

"Ni meno."

"Meno gani? Hizo tatu? Simama twende."

Tulipanda boda boda, yeye katikati na mimi nyuma nimemshika kama gunia. Kila tuta anasema, "Mama, usinibane, watu watasema." Hiyo siku nilimtukana mpaka hospitali kubwa ili asinyamaze. Akinyamaza nilikuwa naogopa.

Daktari alikuwa msichana mdogo, miwani, sauti nyembamba ya mtu hajalala. Walimpiga picha ya kifua, halafu ile nyingine ya kuingizwa ndani ya mashine kama mkate kwa oveni. Wakatoa damu, wakachukua makohozi. Halafu siku ya majibu akatuita, akaweka picha kwa mwanga. "Mzee, ona hapa. Hii nyeusi ni shimo, ni ile tibii ya zamani iliacha. Na hii ndani ya shimo, hii kama mpira? Ni fangasi. Ukungu. Ukigeuka upande mwingine ukilala, nao unabingirika."

Mzee akaangalia. "Yaani hata mimi ni landilodi, niko na mpangaji."

Hata daktari alicheka, akaficha na mkono. Halafu mimi nikauliza, kwa sababu nilikuwa na hasira, "Daktari, mimi nimekaa ng'ambo ya hiyo mashine tangu zamani, vumbi nakula na chai. Mbona mimi sina mpira?"

Akavua miwani. Nitakusemea vile alisema, sauti yake mwenyewe, akiniita Shosho kama nyanya yake: "Shosho, hiyo mbegu ya ukungu sisi wote tunavuta, kila siku. Mwili mzima inafagia. Wewe kifua yako haina shimo ya kujificha, na fagio yako bado iko na nguvu. Yeye ako na shimo. Halafu anameza hizi." Akachukua ile karatasi ya kaki, na kidole akatenga ile tembe ndogo nyeupe. "Hii inatuliza kifua, ni kweli, mtu anapata pumzi. Lakini ikimezwa hivi ovyo, muda mrefu, inafunga macho ya askari wa mwili. Na imempandishia sukari. Sukari ikiwa juu, ukungu inafurahi. Na hiyo uso si kunona, Shosho. Ni dawa imeuvimbisha. Halafu amechelewa kuja. Halafu, Mzee, unalala wapi?"

Mzee akaangalia kofia yake.

"Analala na ukungu," nikasema mimi. "Kwa magunia."

Daktari akaandika hiyo kwa faili. Halafu akasema si kitu moja imemfikisha hapo, ni hizo zote zimeshikana mikono. Mtu mwingine na fangasi hiyo hiyo, ako na kifua nzima, hana sukari, hamezi ovyo, amekuja mapema, huyo unaweza kumtoa. Kupasua alisema hawezi, pafu haiwezi kuvumilia kisu. Kuna dawa ya kumeza miezi mingi, na hata hiyo si ya kuahidi. Inaweza kushika ukungu isitambae.

Mzee akasema haraka, "Basi hiyo ndogo naitupa leo."

"Hapana!" Huyo msichana aliruka kwa kiti. "Ukiiacha ghafla unaweza kuanguka. Mwili umesahau kujitengenezea yake. Tutapunguza pole pole, mimi ndiyo nitakuambia."

Ona sasa. Kuimeza ni mbaya, kuiacha ni mbaya. Daktari akaendelea: utakula hivi, Mzee anasema sawa. Utapima sukari, sawa. Kemisti huendi, sawa. Utahama hapo kwa stoo. Hapo hakusema sawa. Alivaa kofia.

Na alirudi stoo. Ndiyo, alirudi! Alimeza dawa ya ukungu na maji safi, akalala juu ya ukungu. Nilienda nikasimama kwa mlango nikapiga kelele mpaka watu wa foleni wakageuka. "Unafukuza nyoka na mkono moja na ule mwingine unamlisha!" Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, nipe mwezi moja. Bosi amesema atatoa magunia." Bosi naye, ko-ko-ko, "Tutapanga, Mama, tutapanga, wacha hii mavuno iishe." Hapa mavuno haiishi. Ikiisha ya huku inakuja ya kununuliwa.

Mara ya pili damu ilijaa beseni. Walimlaza. Daktari yule yule akanivuta kando. "Shosho, mimi natoa maji na kikombe na yeye analala ndani ya kisima. Akirudi huko, sitaki kukudanganya." Hakumaliza.

Kwa hivyo nilitoa kuni zangu. Nyuma ya kibanda nilikuwa na chumba ya kuni, ndogo, mtu akilala akinyoosha mguu anagonga ukuta. Nikafagia, nikaosha na maji moto, nikapaka chokaa, nikawacha ikauke kabisa na mlango wazi. Nikanunua godoro mpya bila harufu ya mtu. Alipotoka hospitali nikampeleka hapo. Akaangalia, akaangalia tena, akasema, "Mama, kwani nimefungwa?"

"Ndiyo. Bila dhamana."

Na ilikuwa kufungwa kweli. Kazi hana. Kule kwa maduka anaogopa kupita, watu wasimuone, kwa sababu daktari alipopunguza ile tembe ndogo, uso ilishuka. Mashavu yakaingia. Shati ikawa kama bendera. Na wale wamama wa kanisa, wale wa "umependeza," sasa wanapita wakiongea chini chini. "Aki, Mzee ameisha. Huyo anaenda." Yule wa kwaya alimletea maua. Maua! Mtu anakunywa chai! Nilimwambia apeleke kwa madhabahu. Lakini Mzee alikuwa amesikia. Kutoka hiyo siku anakaa ndani, mlango imefungwa nusu. Aliponona akiumwa, walimpigia makofi. Sasa ukungu imetulia, sukari imeshuka, damu haijarudi, na wanamuimbia kama maiti.

Pumzi bado fupi. Akitoka chumba mpaka kwa jiko yangu, anasimama katikati anajifanya anaangalia ndege. Na kutwa nzima anasikia injini. Iko hapo ng'ambo, utaizuia aje? Inanguruma asubuhi, na yeye mkono unacheza juu ya goti. Mara nyingine namkuta amesimama nyuma ya mlango, ameegemea, macho imefungwa. Ukimuuliza anasema anapumzika.

Mwezi uliopita, mchana, nilikuwa nammenyea viazi hapo kwa mlango yake na kumsimulia vile jirani amegombana na mbuzi. Nikasikia ko-ko-ko. Bosi. Hakuwahi kufika kwangu hata siku moja. Amesimama hapo na kiatu yake safi, lakini nguo na nywele zote unga, kwa sababu ametoka kupigana na mashine mwenyewe.

"Mzee wangu. Umepotea."

Mzee akaketi vizuri. Akatafuta kofia.

"Yule niliweka mahali pako amenichomea mkanda ya mashine. Anapokea mahindi mbichi, haijakauka, watu wameanza kwenda mtaa wa Huruma kusagiwa. Wanauliza wewe uko wapi. Wananiuliza kila siku." Sauti ikawa laini zaidi. "Rudi tu. Hata usibebe kitu. Simama tu kwa mlango uninusie. Chumba yako sijapatia mtu."

Mimi nilishika kisu na kiazi na nikanyamaza. Unajua mimi kunyamaza ni kazi. Lakini niliona uso ya Mzee. Hakuna mtu alikuwa amemwambia anatakikana kutoka hiyo siku ya beseni. Alikuwa amenyooka mgongo, ameng'aa, ungefikiri ni bwana harusi. Mkono ulikuwa umeshafika kwa mlango.

"Magunia ya nyuma umetoa?" akauliza.

"Tutapanga. Hii wiki ndiyo imekuwa ngumu."

"Dirisha?"

"Mzee, dirisha ni kitu ya kufungua tu."

Upepo ukapita. Ile unga kwa nguo ya Bosi ikainuka kidogo, ikaingia ndani, ikashika jua hapo kwa mlango, ikawa inaelea pole pole kuelekea godoro. Mzee aliifuata na macho mpaka ikashuka. Pumzi yake ilikuwa inaingia na kutoka ikipiga filimbi ndogo.

"Asante kunifikia, Bosi," akasema. "Watafutie mtu ako na kifua."

Bosi akasema atarudi kesho nikiwa nimemshauri Mzee akubali. Akaenda, ko-ko-ko. Mzee hakumwangalia akienda.

"Mama," akaniambia, "funga mlango. Vumbi inaingia."

Nikaingia ndani na viazi zangu, nikafunga. Ikawa giza, magoti yangu na yake yanagusana, hakuna nafasi hata ya kugeuka. Ng'ambo wakawasha injini. Ikanguruma, ikakwama, ikaanza kulia ile kilio ya mashine imepewa kitu haiwezi kutafuna.

"Wameweka mbichi," akasema.

Hakuinuka.